ANAYETAKA JINA, AENDE KORTI



Kuna swali moja linalozunguka siku hizi katika maofisi, mashule, maduka na yadi za magari hapa Isiolo, nasi hatuwezi kulinyamazia. Swali lenyewe ni hili: "Ni nani aliyeandika?"

Mshahara umechelewa miezi miwili. Mfanyakazi mmoja anaandika katika kundi la WhatsApp kwamba umechelewa. Kesho yake msimamizi haulizi mshahara umekwama wapi. Anauliza ni nani aliyeandika. Vibarua wanachimba mtaro bila buti wala glavu, picha inapigwa, inasambaa mji mzima. Msimamizi haendi kununua buti. Anatafuta aliyepiga picha. Kisha watu wanaitwa ofisini mmoja mmoja, wanaambiwa waweke simu mezani na kuzifungua. Anayekataa anatishiwa polisi na jela miaka kumi.

Hatumtaji mwajiri yeyote katika ukurasa huu, maana malalamiko hayo yako mbele ya kamati na yatashughulikiwa huko. Lakini msimamo wa chama twautangaza leo, ili kila mtu aujue, mkubwa na mdogo. Mtu akiona ameandikiwa uongo, korti iko wazi. Na apeleke madai yake, alete ushahidi wake, na jaji asikilize pande zote mbili. Jina la aliyeandika litolewe kwa amri ya korti peke yake, baada ya korti kuona sababu ya haki. Lisitolewe kwa vitisho vya msimamizi, wala kwa sababu bwana mkubwa amempigia simu rafiki yake polisi.

SHERIA INAYOKUFA NA KUFUFUKA

Wanaotutisha kwa jela hawatuambii habari za jela hiyo. Basi sisi tutazieleza.

Palikuwa na kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Kilisema kwamba mtu akipeleka kwa mtambo wa mawasiliano neno la matusi, au la uongo la kumuudhi mwenziwe, atatozwa faini hadi shilingi 50,000 au atafungwa hadi miezi mitatu. Geoffrey Andare alishitakiwa kwa kifungu hicho kwa ajili ya maneno ya Facebook. Hakukubali, akaenda Mahakama Kuu. Tarehe 19 Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa maneno yake ni mapana mno na raia hawezi kujua lipi ni kosa na lipi si kosa.

Palikuwa pia na kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa wakoloni, cha kumshitaki mtu kwa jinai kwa kuchafua jina la mwingine. Watu wawili walioshitakiwa kwa maneno ya mtandaoni walikwenda Mahakama Kuu nao. Tarehe 6 Februari 2017 Jaji John Mativo aliamua kwamba aliyechafuliwa jina ana njia ya kesi ya madai, na kumtia mtu jela kwa jambo hilo ni kupita kiasi. Kifungu kikaanguka.

Je, mabwana walitosheka? La. Mei 2018 ilitiwa sahihi Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandao. Kifungu chake cha 22 kiliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au jela miaka miwili kwa kutangaza habari za uongo. Kifungu cha 23 kiliweka faini hiyo hiyo au jela miaka 10 kwa habari za uongo zinazoleta hofu au fujo, au zinazoelekea kuvunja heshima ya mtu. Tazameni neno hilo la mwisho. Kuvunja heshima ya mtu ndilo jambo ambalo mwaka mmoja tu nyuma Mahakama Kuu ilisema halifai kuwa jinai. Lilitolewa mlango wa mbele, likaingizwa mlango wa nyuma likiwa limevaa kanzu mpya.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu ni kazi ya chama. Kutoka shilingi 50,000 hadi shilingi milioni 5 ni mara 100. Chukua kibarua anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi. Ili alipe milioni 5 ni lazima atoe mshahara wote, bila kula, bila kodi ya nyumba, bila karo ya watoto, kwa zaidi ya miaka 27. Na kifungu cha 27 cha sheria hiyo, cha kumsumbua mtu mtandaoni, kina faini ya hadi milioni 20. Kwa mshahara huo huo ni miaka 111. Faini kama hiyo tajiri huilipa kwa hundi. Kwa mfanyakazi ni jela iliyopewa jina la faini.

Chama cha Wanabloga wa Kenya kilikwenda kortini. Mei 2018 jaji alisimamisha vifungu 26. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaitupa kesi na vifungu vikarudi; wenye kesi wakakata rufani. Kisha tarehe 15 Oktoba 2025 Rais alitia sahihi mabadiliko yaliyokipanua kifungu cha 27. Wiki moja baadaye, tarehe 22 Oktoba, Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu za kifungu hicho mpaka kesi isikilizwe. Kila kinachong'olewa na korti hupandwa tena na Bunge, na kila mbegu mpya ni kali kuliko ile ya kwanza.

KUINGIA KOMPYUTA YA MTU

Kuna tishio la pili: udukuzi. Karani akitoa habari kwamba fedha za malipo ya uzeeni zimekatwa katika mishahara lakini hazikupelekwa zinakotakiwa, huambiwa, "Wewe umedukua kompyuta ya ofisi."

Hapa tuseme kweli. Kuingia katika kompyuta ya mtu pasipo ruhusa ni kosa. Kifungu cha 14 cha sheria ya 2018 chasema hivyo, na adhabu yake ni faini hadi milioni 5 au jela miaka mitatu. Mwizi anayefungua akaunti za watu na kuwaibia pesa za M-Pesa hatumtetei, naye ametuibia sisi wengi. Lakini mfanyakazi anayeonyesha karatasi yake mwenyewe ya mshahara hakudukua kitu. Dereva anayepiga picha tairi lililopasuka la gari analolazimishwa kuendesha mpaka Merti hakudukua kitu.

Tazameni habari ya Rose Njeri, mtengenezaji programu wa Nairobi. Mwaka 2025 alitengeneza ukurasa wa kuwasaidia wananchi kupeleka Bungeni kwa barua-pepe maoni yao juu ya Mswada wa Fedha. Kutoa maoni ni haki, na Bunge lenyewe lilikuwa limeyaomba. Tarehe 30 Mei alikamatwa. Alikaa korokoroni mwisho wa juma na sikukuu ya Madaraka, akashitakiwa tarehe 3 Juni kwa kuingilia mtambo wa kompyuta wa kamati ya Bunge. Tarehe 20 Juni korti ya Milimani ilikataa mashtaka hayo, kwa kuwa hayakuonyesha kosa linalojulikana. Alishinda, lakini zile siku za korokoroni hakuna wa kumrudishia.

MWALIMU OJWANG

Wapo watakaosema tunatia chumvi, kwamba jina likijulikana hakuna baya litakalompata mtu asiye na hatia. Hao twawakumbusha Albert Ojwang.

Alikuwa mwalimu, mfanyakazi kama sisi, mwenye umri wa miaka 31. Tarehe 7 Juni 2025 alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa mtandao wa X juu ya afisa mkubwa wa polisi. Hakupelekwa mbele ya hakimu wa Homa Bay. Alisafirishwa mpaka Nairobi, akafungiwa Kituo cha Kati cha Polisi, na kabla ya asubuhi ya tarehe 8 alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliopasua mwili walisema majeraha ya kichwani, shingoni na mwilini hayalingani na mtu kujigonga. Mwezi huo huo watu kadhaa, polisi wakiwamo, walishitakiwa kwa mauaji.

Ndugu, fikirini jambo hili kwa utulivu. Kama yule mkubwa aliona ameandikiwa uongo, kulikuwa na kesi ya madai. Angepata wakili, angetoa ushahidi, na Ojwang angetoa wake. Labda angeshinda na kulipwa fidia. Badala yake mlalamikaji alikuwa ni polisi, mkamataji akawa polisi, na mwenye ufunguo wa seli akawa polisi. Jina lilipatikana pasipo jaji, na mtu akafa kabla ya kumwona jaji. Ndiyo sababu twasema jina lipitie kortini kwanza.

KIPANDE TUNAKIJUA

Sisi wa Isiolo hatufundishwi maana ya kuulizwa jina na mwenye nguvu. Baba zetu waliofanya kazi mashambani na mijini walivaa kipande shingoni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alama za vidole ndani yake, na mwajiri akiandika humo mshahara. Asipopenda kukitia sahihi, mtu hakuweza kwenda kwingine. Na mji wetu ulikuwa lango la N.F.D., wilaya zilizofungwa, ambako mtu hakuingia wala kutoka bila pasi ya serikali.

Baada ya Uhuru ilikuja hali ya hatari. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa na askari wasishitakiwe kwa waliyotenda huku kwetu kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Isiolo imetajwa ndani yake, pamoja na Marsabit, Tana River, Lamu na mkoa wa Kaskazini Mashariki. Mjane aliyetaka kudai haki ya mumewe aliambiwa hakuna kesi. Basi oneni ajabu hii: mnyonge alipotaka korti, korti ilifungwa, leo mkubwa amefunguliwa korti wazi kabisa, naye hataki kuingia. Apenda zaidi seli ya polisi.

Leo laini ya simu huandikishwa kwa kitambulisho. Kwa hiyo kila ujumbe una jina nyuma yake, hata mwandishi akijiita Simba wa Waso. Vijana wetu wengi walihangaika miaka na miaka kupata kitambulisho hicho, wakipitishwa mbele ya kamati za kuwachunguza, mpaka Rais alipotangaza Februari 2025 kwamba uchunguzi huo wakomeshwa. Kitambulisho tulichonyimwa tulipokitaka kisigeuzwe kuwa kamba ya kutufungia.

Na mkumbuke pia chama cha wafanyakazi ni kitu gani. Mtu mmoja akisimama peke yake mbele ya mwajiri na kusema mshahara hautoshi, kesho hana kazi. Wakisema 200 kwa jina la chama, hakuna wa kufukuzwa. Makhan Singh, aliyeanzisha na wenzake shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki tarehe 1 Mei 1949, alikamatwa Mei 1950 na kuzuiliwa mpaka 1961 huko Lokitaung, Maralal na Dol Dol, jirani zetu hapa. Serikali ya kikoloni ilijua kwamba ukilipata jina la mmoja na kumwondoa, wengine huingiwa na hofu. Ukurasa huu mnaousoma hauna jina la mwandishi. Una jina la chama. Basi hatuwezi kumlaumu mfanyakazi asiye na chama akificha lake.

MAMBO YA JIRANI

Tanzania, polisi walimtaka Maxence Melo wa Jamii Forums awape majina ya watu walioandika humo juu ya tuhuma za ufisadi. Alikataa. Alikamatwa Desemba 2016, akapelekwa Kisutu, na kesi zikaendelea miaka. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika mojawapo kwa kuzuia uchunguzi, akatozwa faini ya shilingi milioni 3 za Tanzania au jela mwaka mmoja. Mtu alipata hatia kwa kutunza siri ya watu waliomwamini.

Uganda kulikuwa na ukurasa wa Facebook wa mtu aliyejiita Tom Voltaire Okwalinga, akiwaandika wakubwa wa serikali. Juni 2015 polisi walimkamata Robert Shaka wakisema ndiye. Akakana. Alishitakiwa kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Shaka alikuwa mmoja wa waliokipinga kifungu hicho, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikakifuta.

Ukurasa huo huo ulizaa kesi nyingine. Wakili Fred Muwema wa Kampala alisema umemchafulia jina. Yeye hakutafuta polisi. Alikwenda Mahakama Kuu ya Dublin, Ireland, kwa kuwa huko ndiko yaliko makao ya Facebook ya Ulaya, akaomba jina la mwenye ukurasa. Agosti 2016 Jaji Binchy alikuwa tayari kuamuru litolewe. Kisha ukaletwa ushahidi kwamba mtu huyo akijulikana uhai wake utakuwa hatarini. Februari 2017 jaji akapima heshima ya mmoja na uhai wa mwingine, akakataa kulitoa jina. Hakusema kwamba kumchafua mtu ni halali. Hiyo ndiyo njia tunayoitaka: malalamiko yapelekwe mbele ya jaji, naye apime.

WENYE KUTUPINGA

Ndugu wengine, hata ndani ya chama, wanasema: mnawalinda waongo. Hoja hiyo ni nzito na twaijibu.

Ni kweli wako waongo. Wako wanaomsingizia binti wa watu na kumharibia ndoa. Wako wanaoandika usiku kwamba kabila fulani limevamia mifugo, na kumbe hakuna mbuzi aliyepotea. Katika mji huu wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, neno kama hilo laweza kumwaga damu kabla ya jua kuchomoza. Mwandishi wa namna hiyo hatumwiti mpigania haki. Kwake iko sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa taifa, inayokataza uchochezi wa kikabila, nasi twataka ifuatwe, lakini kwa amri ya korti, si kwa fununu.

Lakini msichanganye mambo. Kusema "kabila fulani wafukuzwe" si sawa na kusema "mshahara wa Machi haukulipwa." La pili ni jambo la hesabu. Kama si kweli, mwajiri aonyeshe karatasi za benki, maneno yamekwisha. Njia ya mwongo ni fupi. Mwajiri mwenye risiti hana haja ya polisi, na asiye na risiti ndiye anayetafuta simu za watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Katiba ya 2010 imeyapima yote mawili. Ibara ya 33 yatupa uhuru wa kusema, na papo hapo yatutaka tuheshimu haki na jina la mwingine. Ibara ya 31 yalinda siri ya mawasiliano yetu. Ibara ya 41 yalinda haki za wafanyakazi. Hatuombi zaidi ya hayo.

TWATAKA MAMBO HAYA

1. Waajiri wote waache mara moja kudai simu za wafanyakazi zifunguliwe. Mwenye malalamiko aandike barua kwa chama, au aende korti.

2. Polisi wasimkamate mtu kwa sababu ya neno juu ya mwajiri au mkubwa. Wakitaka habari za simu, sheria ya 2018 yenyewe inawatuma waombe hati ya korti. Waifuate.

3. Bunge liondoe katika jinai jambo la kuchafua jina, liliachie korti za madai, kama ilivyoamuliwa mwaka 2017.

4. Makampuni ya simu yasitoe jina la mteja kwa maneno ya mdomo, hata mwombaji akiwa na cheo gani.

WANACHAMA WAFANYE HAYA

Kwanza, andikeni kweli mnayoweza kuithibitisha. Wekeni karatasi za mshahara, barua, na picha zenye tarehe. Pili, msitumie neno la siri la mwenzenu kufungua kompyuta ya ofisi, hata kama nia ni njema. Tatu, simu ya kazi ni ya mwajiri. Mambo ya chama yasiandikwe humo. Simu yako ni yako. Msimamizi akiitaka, mjibu kwa adabu kwamba aandike ombi lake kwa barua. Polisi akiitaka, omba kuona hati ya korti, wala usipigane naye.

Nne, ukiitwa kujieleza kwa kosa, usiende peke yako. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chakupa haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Na kifungu cha 46 chasema kwamba kuwa mwanachama, au kuleta malalamiko ya haki dhidi ya mwajiri, si sababu ya kufukuzwa. Tano, ukikamatwa, taja jina lako, omba wakili, na umwambie jamaa yako apige simu kwa tawi. Kortini ni ndani ya saa 24, na saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, ni siku ya korti inayofuata.

Mwisho, kabla ya kuandika usiku ukiwa na hasira, leteni habari chamani. Tutaichunguza. Ikiwa kweli, tutaiandika sisi, kwa jina letu sote, na anayetaka kushitaki atushitaki sote. Kiti chetu kortini tunakijua.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Tawi, Isiolo